Safari ya wawili kwa meli ya utalii Mediterania: bandari, visiwa, visa na gharama

Maswali kuhusu safari za meli katika Bahari ya Mediterania yamekuwa yakitufikia mara kwa mara studioni. Wengine ni wachumba wanaopanga fungate. Wengine ni wazazi ambao watoto wao walioko Ulaya wanataka kuwazawadia safari baada ya miaka mingi ya ndoa. Wote huuliza mambo yaleyale: Meli inapita wapi? Visa ni moja au nyingi? Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ndiyo yote? Na je, ikitokea mmoja kapata visa na mwenzake kanyimwa?

Katika makala hii tunaeleza safari hizi zinavyoendeshwa, bandari na visiwa vinavyotembelewa zaidi, na mambo ambayo watu wawili wanapaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha. Kwa familia nyingi hizi ni akiba za miaka kadhaa, na kosa dogo la karatasi linaweza kuzipoteza zote asubuhi moja gatini.

Safari hizi zilianzaje?

Bahari ya Mediterania imezungukwa na mabara matatu: Ulaya kaskazini, Afrika kusini na Asia mashariki. Upande wa magharibi inaungana na Bahari ya Atlantiki kupitia mlango wa Gibraltar, ambao mahali pake pembamba hauzidi sana kilomita 14. Upande wa kusini mashariki inaungana na Bahari ya Shamu kwa Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Kupwa na kujaa kwa maji ni kudogo sana. Mtu aliyezoea ufukwe wa Mombasa au Bagamoyo, ambako maji hukimbia mbali na kurudi, atashangaa kuona bahari ambayo karibu siku nzima imesimama palepale.

Watu wamesafiri humo kwa biashara na vita tangu zama za Wafoinike na Wagiriki wa kale. Kusafiri kwa starehe tu ni jambo la juzi. Mwaka 1867 kundi la Wamarekani lilikodi meli ya Quaker City kwenda Ulaya na Nchi Takatifu, na mmoja wao alikuwa mwandishi Mark Twain, aliyeandika kitabu kuhusu safari hiyo. Januari 1891 kampuni ya Ujerumani ya HAPAG, chini ya Albert Ballin, ilipeleka meli ya Augusta Victoria katika Mediterania ikiwa na abiria 241. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Wakati wa baridi abiria wa kuvuka Atlantiki walikuwa wachache, na meli kukaa bure bandarini ni hasara. Wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa utalii wa meli kama tunavyoujua leo.

Siku hizi meli kubwa zaidi hubeba abiria zaidi ya 5,000. Ni mji unaotembea: una migahawa, mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa maonyesho, zahanati na maduka. Kwa kawaida meli husafiri usiku, asubuhi inatia nanga, abiria wanashuka kutembea, na jioni inaondoka tena. Mnafungua mabegi mara moja tu, na miji ndiyo inayowafuata. Msimu mkubwa ni kuanzia Aprili hadi Oktoba, ingawa baadhi ya meli hufanya kazi mwaka mzima.

Njia ya magharibi: Uhispania, Ufaransa na Italia

Safari za Mediterania hugawanywa katika njia mbili kubwa. Ile ya magharibi mara nyingi huchukua siku saba, na huzunguka kati ya Barcelona, Marseille, Genoa au Livorno, Civitavecchia, Naples, Palermo na wakati mwingine Malta.

Barcelona ni mahali ambapo abiria wengi huanzia. Kivutio kinachojulikana zaidi ni kanisa la Sagrada Família, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1882. Msanifu Antoni Gaudí alichukua kazi hiyo mwaka uliofuata na kuifanya hadi alipofariki mwaka 1926. Tiketi za kuingia huisha mapema, hivyo nunueni kabla ya kusafiri.

Marseille ni mji ulioanzishwa na Wagiriki takriban miaka 600 kabla ya Kristo. Meli kubwa hutia nanga kaskazini mwa mji, kilomita kadhaa kutoka Bandari ya Zamani, kwa hiyo mtahitaji basi au teksi. Msidanganyike na ramani ya simu inayoonyesha kwamba ni karibu.

Civitavecchia huandikwa kwenye matangazo kama "Roma", lakini Roma yenyewe iko mbali, takriban kilomita 80 kwa barabara. Treni huchukua kama saa moja. Ukijumlisha kutembea hadi kituoni, kusubiri na kurudi, siku ya saa kumi bandarini inabaki na saa tano au sita za kuuona mji. Chagueni kitu kimoja au viwili. Wanaotaka kuona Colosseum, Vatikani na chemchemi ya Trevi kwa siku hiyo moja hurudi melini wakiwa wamechoka, wamegombana, na hawakumbuki walichokiona. Livorno nayo hutangazwa kama "Florence na Pisa" kwa mtindo huohuo: Pisa ni karibu, Florence inahitaji safari ndefu zaidi.

Naples ni tofauti. Meli hutia nanga karibu kabisa na katikati ya mji, na mnaweza kushuka na kutembea kwa miguu. Kutoka hapo kuna boti za kwenda kisiwa cha Capri, na treni ya kwenda Pompeii, mji wa Kirumi uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Pompeii haina vivuli vingi, na Julai au Agosti joto lake ni kali. Kofia, maji na viatu vya kutembelea ni lazima.

Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicily, ulitawaliwa na Waarabu kuanzia mwaka 831 hadi 1072, kisha wakaja Wanormani. Wafalme hao wapya hawakubomoa kila kitu. Waliwatumia mafundi wa Kiislamu kujenga makanisa na makasri yao, ndiyo maana utaona kuba na nakshi za Kiarabu juu ya kanisa. Majengo hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015.

Malta: kisiwa ambacho masikio yako yatashtuka

Meli inapoingia Bandari Kuu ya Valletta asubuhi, amkeni mapema mpande juu sitahani. Ngome za mawe ya rangi ya asali ziko pande zote mbili, na meli hupita katikati yake polepole. Mji huo ulianza kujengwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya Mashujaa wa Mtakatifu Yohana kuhimili mzingiro mkubwa wa jeshi la Waosmani.

Kwa msemaji wa Kiswahili, Malta ina jambo jingine. Kimalta ni lugha yenye asili ya Kiarabu, inayoandikwa kwa herufi za Kilatini. Bahari wanaiita baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb. Wakihesabu, sita ni sitta, saba ni sebgħa na tisa ni disgħa. Kiswahili nacho kiliyachukua maneno hayo kutoka Kiarabu, ila kwa njia ya Bahari ya Hindi. Lugha mbili ambazo hazikuwahi kukutana zimebeba mizigo kutoka ghala moja.

Valletta ni ndogo na inatembeleka kwa miguu kwa siku moja. Kutoka gatini kuna lifti ya kuwapandisha hadi juu mjini.

Njia ya mashariki: Ugiriki, Uturuki na Adriatiki

Njia ya pili huanzia Athens, Venice na bandari zake za jirani, au Istanbul. Hii ndiyo njia ya visiwa.

Piraeus ni bandari ya Athens, na treni ya mjini huwafikisha karibu na Acropolis. Hekalu la Parthenon lililo juu yake lilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo.

Santorini ndicho kisiwa ambacho picha zake za nyumba nyeupe zimejaa kwenye kadi za harusi. Kilitokana na mlipuko mkubwa wa volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Sehemu ya katikati ilizama na bahari ikaingia. Kwa sababu maji ni ya kina kirefu na ukingo ni jabali lililosimama wima, meli kubwa hazifiki gatini. Abiria hushushwa kwa boti ndogo hadi bandari ya zamani, kisha hupanda juu mjini Fira kwa gari la waya, kwa punda au kwa ngazi zinazokaribia 600. Foleni ya gari la waya wakati wa kurudi inaweza kuchukua zaidi ya saa moja meli kadhaa zikiwapo. Kumbukeni pia kwamba meli nyingi huondoka kabla ya jua kuzama, hivyo lile machweo maarufu la Oia mnaweza msilione mkiwa nchi kavu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 matetemeko ya ardhi mfululizo yaliwafanya maelfu ya wakazi na wafanyakazi kuondoka kisiwani kwa muda.

Mykonos inajulikana kwa vinu vyake vya upepo, vichochoro vyeupe na maisha ya usiku. Karibu nacho kipo kisiwa cha Delos, ambacho Wagiriki wa kale waliamini kuwa mahali alipozaliwa mungu wao Apollo. Leo hakina mji, ni magofu tu, na kwa wapenda historia kina thamani kuliko maduka ya Mykonos.

Rhodes ina mji wa kale ulio ndani ya kuta, dakika chache kwa miguu kutoka melini. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana walikaa hapo kuanzia mwanzoni mwa karne ya 14 hadi walipofukuzwa na Waosmani mwaka 1522. Mwaka 1530 walipewa Malta. Mkipita visiwa vyote viwili, mtaona kwamba historia yao ni moja. Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, ina magofu ya kasri la Knossos, kilomita chache kutoka bandari ya Heraklion.

Upande wa Uturuki, bandari ya Kuşadası ndiyo mlango wa kwenda Efeso, mji unaotajwa katika Biblia kwa barua ya Mtume Paulo. Katika bahari ya Adriatiki, meli hutembelea Dubrovnik nchini Kroatia na Kotor nchini Montenegro.

Miezi ya Julai na Agosti visiwa vya Ugiriki hupigwa na upepo mkali wa kaskazini uitwao meltemi. Nahodha ana mamlaka ya kuruka bandari yoyote akiona si salama, na mikataba ya meli kwa kawaida haiwapi abiria fidia ya maana kwa hilo. Kama Santorini pekee ndiyo sababu ya safari yenu, basi meli si njia ya uhakika. Afadhali muende kwa ndege na kulala huko.

Visa: hapa ndipo wengi hukwama

Uhispania, Ufaransa, Italia, Malta, Ugiriki na Kroatia zote zimo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Schengen. Uturuki, Montenegro na Tunisia hazimo.

Tofauti hiyo ina uzito. Tuchukue mfano wa meli inayotoka Athens, ikapita Kuşadası, kisha ikarudi Rhodes na Athens. Mkifika Uturuki mmetoka Schengen, na mkifika Rhodes mnaingia tena. Wenye visa ya kuingia mara moja wameshaitumia. Hata mkisema hamtashuka Kuşadası, kampuni ya meli inaangalia njia nzima. Kwenye dawati la kupandia, afisa akiona visa haikidhi, mtakataliwa kupanda, na mikataba mingi haina kurudishiwa fedha kwa sababu hiyo. Ombeni visa ya kuingia mara nyingi, na kwenye barua yenu ya maombi ambatanisheni ratiba ya meli inayoonyesha kwa nini mnaihitaji. Visa ya nchi isiyo ya Schengen nayo ichunguzwe peke yake.

Mambo mengine ya kuzingatia:

Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi mtakayoingia kwanza. Si kila nchi ya Schengen ina ubalozi katika kila nchi ya Afrika Mashariki, hivyo ulizeni mapema ni nani anayeiwakilisha.

Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Msingoje huko mwishoni, kwani miadi ya msimu wa kiangazi hujaa.

Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi. Kwa wawili ni euro 180, bila malipo ya kituo cha huduma.

Bima ya safari yenye thamani isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Hakikisheni pia kwamba inafanya kazi mkiwa baharini na katika nchi zisizo za Schengen, maana bima ya visa peke yake huenda isifike huko.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na ibaki na angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen.

Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza mfumo mpya wa kusajili wageni kwa alama za vidole na picha ya uso mpakani. Jipeni muda wa ziada siku ya kuwasili.

Ndugu zetu walioko Uingereza au nchi za Ghuba wakumbuke kwamba kibali cha ukaazi cha huko hakiondoi haja ya visa ya Schengen. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen yenyewe hahitaji visa hiyo.

Sasa lile swali gumu. Kila mtu huomba visa kwa jina lake, hata kama ni mume na mke. Cheti cha ndoa husaidia kueleza uhusiano, lakini hakimhakikishii mmoja kupata kwa sababu mwenzake amepata. Mwenye kazi ya mshahara na akaunti ya benki anaweza kupewa, na mwenzake anayefanya biashara ndogo au kutunza nyumba akakataliwa. Ndiyo maana ushauri wetu ni mmoja: msilipe fedha yote kabla ya visa zote mbili kutoka. Tafuteni tiketi ambayo malipo yake ya kwanza ni madogo na inayoweza kubatilishwa hadi tarehe fulani, kisha andikeni tarehe hiyo mahali mnapoiona kila siku. Anayefanya biashara aandae leseni, taarifa za benki na uthibitisho wa kodi. Asiye na kipato chake aambatanishe barua ya mwenza anayegharamia pamoja na vielelezo vyake. Anayenyimwa hupewa sababu kwa maandishi na ana haki ya kukata rufaa.

Kwa walio kwenye fungate: jina kwenye tiketi lazima lifanane na jina kwenye pasipoti. Bibi harusi aliyebadilisha jina kwa ndoa, lakini pasipoti yake bado ni ya jina la nyumbani, akate tiketi kwa jina la pasipoti.

Hesabu ya wawili

Bei kwenye tangazo kwa kawaida ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Kwa hiyo izidisheni mara mbili kwanza. Vyumba hupangwa kwa ngazi: cha ndani kisicho na dirisha, cha dirisha, chenye roshani, na vyumba vya fahari. Wawili wanaoshinda nje mchana kutwa wanaweza kuridhika na chumba cha ndani, ingawa giza lake humsumbua mwenye hofu ya kufungiwa.

Kisha kuna yasiyoandikwa kwa herufi kubwa. Meli nyingi huongeza bakshishi ya wafanyakazi kwa kila mtu kwa kila siku. Tuseme ni euro 12: kwa wawili, kwa usiku saba, ni euro 168. Vinywaji mbali na maji, chai na vya mlo wa kawaida hulipiwa. Intaneti hulipiwa. Matembezi yanayouzwa na meli hulipiwa, na kwa watu wawili katika bandari tano yanaweza kukaribia nauli yenyewe. Zahanati ya melini hutoza bei kubwa. Ongezeni nauli ya ndege, visa, bima na usiku mmoja wa hoteli kabla ya kupanda meli. Usiku huo si anasa. Ndege ikichelewa siku ileile ya kuondoka, meli haitawasubiri.

Kwa Waislamu, nyama ya halali si jambo la kuchukuliwa kuwa lipo. Iarifuni kampuni kwa maandishi wiki kadhaa kabla, na mkifika muonaneni na msimamizi wa mgahawa. Samaki na mboga hazikosekani. Mjamzito naye aulize kabla ya kulipa, kwani kampuni nyingi hazimpokei aliyefika, au atakayefika safarini, wiki ya 24.

Saa ya meli ndiyo saa

Kila bandari ina saa ya mwisho ya kurudi, kwa kawaida nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Mliotoka na matembezi ya meli mkichelewa, meli huwasubiri. Mliotoka wenyewe mkichelewa, inaondoka, na gharama ya kuifuata bandari inayofuata ni yenu. Bila visa sahihi, huenda hata msiweze kuifuata.

Ratiba za meli huandikwa kwa saa 24. Ukisoma 17:30, hiyo ni saa kumi na moja na nusu jioni kwa hesabu yetu. Afadhali wote wawili mzungumze kwa namba za meli ili pasiwe na "nilidhani umesema". Italia na Ugiriki zinatofautiana kwa saa moja, na simu inaweza kujibadilisha yenyewe wakati meli haijabadili. Wakati wa kiangazi saa ya Ugiriki ni sawa na ya Nairobi na Dar es Salaam, na Italia iko nyuma yetu kwa saa moja. Fuateni saa inayotangazwa melini.

Usalama: somo la Costa Concordia

Usiku wa Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iliyokuwa na watu zaidi ya 4,200 iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, baada ya nahodha kuipitisha karibu mno na ufuko. Watu 32 walikufa. Nahodha Francesco Schettino, aliyeondoka melini kabla ya abiria kwisha, alihukumiwa kifungo cha miaka 16.

Abiria waliopandia Civitavecchia jioni hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura. Wakati huo sheria iliruhusu zoezi hilo lifanyike ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 sheria za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Msilikwepe. Jueni kituo chenu cha kukusanyika, na tembeeni kwa miguu kutoka chumbani hadi hapo siku ya kwanza. Kubalianeni kwamba king'ora kikilia mkiwa mahali tofauti, kila mmoja aende kituoni moja kwa moja, asirudi chumbani kumtafuta mwenzake.

Ugonjwa wa kuhara na kutapika huenea haraka melini. Osheni mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula. Dawa ya kupaka mikononi peke yake haitoshi.

Wenyeji nao wana la kusema

Meli mbili au tatu zikitia nanga pamoja, mji mdogo hupokea watu kuliko wakazi wake. Wengi hula melini, hununua kidogo na kuondoka jioni. Malalamiko ya wenyeji yamezaa sheria. Tangu Agosti 2021 Italia imezuia meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko mjini Venice, na sasa nyingi hutia nanga Marghera, Trieste au Ravenna. Mwaka 2024 Venice ilianza kutoza ada wageni wa siku moja katika siku zenye msongamano. Dubrovnik ilikubaliana na kampuni za meli kupunguza idadi ya meli. Tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza abiria wa meli euro 20 kwa kila mtu katika msimu mkubwa kwa Santorini na Mykonos, na kiasi kidogo zaidi kwa bandari nyingine. Barcelona imeamua kupunguza vituo vyake vya meli za utalii kutoka saba hadi vitano ifikapo mwaka 2030. Kwa upande wa hewa, tangu Mei 1, 2025, mafuta ya meli katika Mediterania yote hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.1 ya salfa, isipokuwa meli yenye mitambo ya kusafisha moshi.

Mkila chakula cha mchana katika mgahawa wa mtaani na kununua kitu kwa fundi wa pale, mnaacha fedha mikononi mwa wenyeji. Na melini, msisahau kwamba wanaowahudumia wako mbali na nyumbani kwa miezi mingi. Wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia na India, na wamo Wakenya pia. Huenda "habari za asubuhi" yenu ikajibiwa.

Bahari ileile, safari nyingine

Hatuwezi kuieleza bahari hii kwa msikilizaji wa Afrika tukaishia kwenye machweo. Tangu mwaka 2014, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limehesabu zaidi ya watu 30,000 waliokufa au kupotea wakijaribu kuivuka. Oktoba 3, 2013, karibu na kisiwa cha Lampedusa, watu 368 walizama, wengi wao Waeritrea. Septemba 2014 meli ya utalii ya Salamis Filoxenia iligeuza njia karibu na Cyprus na kuokoa watu zaidi ya 300 waliokuwa kwenye mashua. Sheria ya bahari inamtaka kila nahodha amwokoe aliye hatarini, awe na tiketi au asiwe nayo. Mkitangaziwa melini kwamba ratiba imechelewa kwa sababu ya uokoaji, basi mjue sababu yake.

Kwa ufupi

Kabla ya kulipa, wawili mkae mezani na mjibu maswali haya kwa maandishi. Je, njia inatoka nje ya Schengen na kurudi? Tarehe ya mwisho ya kubatilisha bila hasara ni ipi? Mmoja akinyimwa visa, tutafanya nini? Jumla ya gharama ya wawili, pamoja na bakshishi, matembezi na ndege, ni kiasi gani? Bima inafika wapi?

Mkishayajibu hayo, lililobaki ni dogo: kuchagua bandari mbili au tatu mnazotaka kuzijua vizuri, na nyingine kuzitazama mkiwa mmekaa sitahani. Tunawatakia safari njema.